Weka Tena Kidole

Barua aliikunja mara nne, akaitia ndani ya soksi
isilowe, maana mvua ya Tukuyu haipigi hodi.
Ambakisye muuza ndizi, mtu wa kuhesabu hadi bei ya kamba,
leo kaja kibandani kwangu na elfu themanini na tano
za ndama aliyemuuza jana bila kumwambia mkewe.

"Tuma," ananiambia, "na namba usiisome kwa sauti."

Kiti hiki cha uwakala nimekikalia miaka sita.
Naijua pesa ya ada ya shule: inakuja imenyooka.
Pesa ya msiba inakuja na noti za mikono kumi.
Na hii ya leo naijua pia:
ina haraka, na inatazama nyuma.

Nikamwomba barua. Akaguna. Akanipa.

Mihuri miwili, mmoja umepinda.
"Mpedwa ndugu," imeanza, herufi moja imeanguka njiani.
Eti kuna marehemu, mchimba dhahabu wa Chunya,
kafa bila mke, bila mtoto, bila hata paka,
kaacha milioni arobaini na sita
zinazolia benki zikimtafuta mtu wa ukoo wake.
Eti kwanza ada ya muhuri. Eti kabla ya saa kumi.
Eti siri, hata mke asijue.

"Huyu marehemu mnamjua kwenu?"
"Ukoo wetu mkubwa."
"Alizikwa wapi?"

Mvua ikajibu juu ya bati.
Kwetu mtu hafi kimyakimya hivyo.
Hata anayefia Zambia, ng'ombe huanguka, ndizi hupikwa,
majina ya babu zake hutajwa hadi usiku.
Marehemu gani huyu asiye na matanga ila ana ada?

"Tuma," akasema tena, sauti imeshuka kidogo.

Nikaandika namba. Simu, kabla ya kumeza pesa,
huleta jina la mpokeaji. Hapo ndipo
wengi hubonyeza huku macho yako kwingine.
Nikasoma. Nikasoma tena.
SUBILAGA MWAISUMO.

Na Subilaga alikuwa nyuma yake kwenye foleni,
kapu la chai bado mgongoni,
amekuja kununua vocha ya mia tano.

Ambakisye akageuka. "Kumbe wakili ni wewe?"
"Wakili wa nani?" Akacheka,
kisha kicheko kikamkauka mdomoni.

Akamkumbuka yule kijana wa mwavuli,
siku ya malipo ya chai, pale njia panda:
laini ya bure, na fulana juu yake.
Kidole cha Subilaga kimeliwa na majani,
mistari imefifia, weusi umezama kwenye ngozi,
mashine ikawa haisomi.
"Weka tena, mama." Akaweka.
"Imekataa. Weka tena." Akaweka.
Mara nne, tena akimwonea kijana huruma kwa usumbufu.
Aliondoka na laini moja.
Zile tatu zilikwenda zao zimevaa jina lake,
zikawa mawakili.

Nikaichukua simu yake, nikabonyeza nyota,
mia moja na sita, reli. Zikaja namba nne.
Yake ni moja.

Kesho ataanzia ofisi ya kampuni wazifunge,
kisha polisi, na barua kama ushahidi,
ndani ya soksi ileile; Ambakisye kamwachia.
Mwenyewe alikuwa pembeni akizihesabu upya elfu zake,
akakuta zimetimia,
na bado akaonekana kama mtu aliyepoteza kitu.

Subilaga akakitazama kidole, akakifuta kwenye kanga,
akakitazama tena.
"Miaka ishirini nachuma chai kwa hiki," akasema.
"Kumbe nami nachumwa."

Kisha akadai vocha yake ya mia tano.