Vitanzi Ishirini

Niliacha sigara mwezi wa Novemba,
vidole vikabaki yatima.
Vilipapasa mfuko wa shati, vikapapasa meza,
vikagonga usukani wa gari la kusukumia theluji
kutoka stesheni isiyo na treni
hadi bandari ya Rohuküla, kwenda na kurudi.
Ndipo Heljo wa ghorofa ya tatu
akanirushia donge la uzi pale ngazini:
"Shika, Riho, kabla hujang'oa vitasa vyetu."

Haapsalu ni mji wa shali.
Shali za sufu nyembamba kama pumzi juu ya kioo,
pana kama shuka, na bado
ukizichomeka kwenye pete ya ndoa
zinapita zote, zinatokea upande wa pili.
Chanda chema huvikwa pete;
huku kwetu shali njema ndiyo huipenya.
Chanda changu mimi kina grisi
tangu mwaka wa themanini na tisa.
Heljo hakunionyesha shali.
Alinionyesha kitambaa cha kuoshea vyombo.

"Vitanzi ishirini," alisema.
"Uzi wa pamba. Sufu husamehe, pamba husema kweli.
Ingiza, zungusha, vuta, dondosha.
Ukifika mwisho, geuza.
Wewe unageuza tani kumi na nane kwenye uchochoro,
utashindwa na hiki?"

Ingiza. Zungusha. Vuta. Dondosha.
Mabega yalinipanda hadi masikioni.
Nilikaza uzi kama ninakaza nati ya gurudumu
mpaka kitanzi kikagoma kuipisha sindano.
"Legeza," alisema Heljo,
anamenya viazi, hata hakugeuka.
"Nani anakukimbiza?"

Safu ya tano, vitanzi ishirini na viwili.
Safu ya kumi na moja, ishirini na sita.
Sikujua vimetoka wapi, sikualika mtu.
Kitambaa kilitanuka kama suruali ya baharia.
Heljo alivihesabu kwa ncha ya kisu,
akacheka hadi kiazi kikamponyoka.
"Kitanzi cha pembeni unakifuma mara mbili.
Kila ukigeuza, unazaa."

Kufuma, kufumua:
herufi moja tu imejipenyeza katikati
na jioni nzima imekwenda.
Nilivuta. Safu zikaporomoka moja moja,
uzi ukatoka umejikunja kama tambi,
unakumbuka kila kosa langu kwa mpangilio.

Akajaribu kunipa kulabu.
"Hii ina kitanzi kimoja tu cha kuchunga,
hata mtoto wa shule anaiweza."
Nikatoa mnyororo kutoka jikoni hadi bafuni.
Namna ya kusimama
hakuwa amenifundisha.

Nikarudi kwenye sindano. Nikafumua mara tatu.
Mara ya nne vilifika ishirini na tatu,
nikanyoosha mkono nivute,
Heljo akaupiga kofi.
Akachukua mkasi, akafunga uzi.
"Hiki kiache. Kimechoka kuzaliwa."

Sasa nimefuma vitano.
Cha tano ni mraba, ukikitazama ukiwa mbali.
Nilikitia kwenye bahasha, nikampelekea Kärt, binti yangu, Tartu.
Akaandika: "Baba, hiki ni nini?"
Saa moja baadaye akaandika tena:
"Kimekunywa maji yote ya sinki."
Sikumjibu. Nilikuwa katikati ya safu.

Kile cha kwanza, chenye upande mpana,
kinakaa garini, mbele ya usukani.
Saa kumi alfajiri kioo kinapopofuka kwa baridi
nakishika pale kilipozidi, nafuta,
na barabara inarudi,
nguzo kwa nguzo, nyeupe, haijaguswa na mtu.
Natia gia. Bledi inashuka.
Mfuko wa shati una kalamu na risiti ya uzi.
Vidole vinahesabu juu ya usukani:
ishirini.
Ishirini.
Ishirini na moja.