Ngamizi za Ngamiani

Barabara ya Kumi na Mbili, nyuma ya fundi baiskeli,
chumba kimoja, feni moja, mashine tisa.
Zamani wataalamu walitaka tuziite ngamizi.
Kwingine neno lilikufa. Hapa Ngamiani lilikaa lenyewe,
kama ngamia aliyerudi kwao: anabeba, halalamiki,
akichoka anapiga magoti.

Tunalisubiri toleo jipya la Linux.
Walisema tarehe tano.
Kisha kimya. Kisha wakasema ishirini na nane,
kuna kasoro kwenye usingizi:
kompyuta zikilala haziamki.
Singano akacheka, "Hata mimi."

Kila mtu ana lake.
Singano anataka printa isikie,
isiambiwe mara nne kama mtoto anayetumwa dukani.
Mwanakombo, mpiga chapa wa barua za posa,
anataka herufi zisiruke mstari
pale jina la bwana harusi linapokuwa refu.
Sauda anataka sauti. Sauti tu.
Mwaka mzima anahariri harusi za Pongwe zikiwa bubu,
anasoma vigelegele midomoni.
Kilua hataki kitu:
"Kitufe cha kuzima wakikiacha palepale pa jana,
mimi nimeshashukuru."

Mimi nilipewa maneno.
Yalikuja kwa maelfu katika lugha ya wenyewe,
tukayakalia miezi saba kwa kahawa na kashata.
*Pakua* halikutupa taabu: chungu kipo, sinia lipo.
*Tupio* lilizua ugomvi; Mwanakombo alitaka *jaa*,
kwa sababu jaani mtu hurudi kuokota.
Tulipofika *tendua* tulinyamaza kidogo.
Kumbe tulikuwa nalo siku zote,
neno la kurudisha mkono nyuma,
ila hatukuwahi kuonyeshwa kitufe chake.

Kuna sentensi nimeiandika mara kumi na moja:
*Una uhakika unataka kufuta?*
Baba yangu alifutwa kazi kwa karatasi moja
iliyobandikwa kwenye geti la kiwanda, Ijumaa,
watu wakitoka kuswali.
Hakuna aliyeuliza.
Basi nataka mashine iulize.
Iulize kwa adabu, kwa Kiswahili cha kwetu,
na isubiri jibu.

Mntambo, ambaye hawezi kusema jambo bila kulipima,
ameandika mlangoni kwa chaki:

*Toleo twalingojea, mwezi haujaandama,*
*Wageni tumepokea, wauliza: bado, jama?*
*Mashine zimelegea, feni zao zanguruma,*
*Lisije likatokea, wakongwe likawatema.*

Hilo la mwisho ndilo tunaloliogopa.
Mashine ya tatu kutoka dirishani ilitoka ofisi ya mkonge;
tulipoifungua tulikuta nyuzi zimejisokota kwenye feni.
Watoto wa Makorora huigombea,
kwani ni polepole na haiwakimbizi.
Kumbukumbu yake ni giga moja.
Tetesi zinasema za namna hiyo hazitapokewa tena.
Singano anasema tetesi ni tetesi,
lakini siku hizi anaifuta vumbi kila asubuhi
kama mtu anayempeleka mgonjwa kwa daktari
na hataki aonekane hakutunzwa.

Bando tumeshachanga. Elfu mbili mbili,
Kilua alitoa tatu na hakutaka isemwe.

Limebaki neno moja, la kwanza kabisa,
lile litakalotokea kioo kikishaacha kuwa cheusi.
Niliandika *Karibu*.
Kilua akaliangalia, akasogeza kiti.
"Karibu wapi? Nyumba ni yetu.
Mgeni ni lenyewe."

Nimefuta. Mashine iliniuliza kama nina uhakika.
Nimeandika *Hodi*,
nikatuma,
na wenye toleo hawajanijibu.