Mishale Miwili

Isuzu ya marehemu baba ilikuwa inapanda Bugando
mshale wa joto ukaingia kwenye nyekundu, ukalala humo.
Nikazima. Nikasubiri mvuke.
Mvuke haukuja.

Nyakato, kwa fundi Ng'wandu, nikaanza hotuba:
rejeta, thermostati, gasketi ya hedi…
"Ngoja kwanza," akasema, "tuliulize gari lenyewe."
Akaweka kiganja juu ya rejeta
kama anayempima mtoto homa.
Vuguvugu.
Akaufuata waya wa ethi nyuma ya dashibodi:
umeota kutu ya kijani, kijani cha mwani wa ziwani.
Msasa kidogo tu,
mshale ukarudi katikati kwa aibu.

Nikacheka. Yeye hakucheka.
"Huu ulikupigia kelele bure. Na mwenzake?"

Mshale wa oili: miaka yote hapo hapo,
mtulivu kama majabali ya Capri Point.
Akazima injini. Haukushuka.

Akafunga geji yake ya shaba kwenye bloku, akawasha.
Baridi, arobaini.
Ilipopata moto, bila kukanyaga mafuta:
kumi na tano. Tisa. Sita.
Na huko chini beringi zikigonga polepole,
kama mgeni wa usiku
asiyetaka kuamsha nyumba nzima.

Baba naye, ukimuuliza: "Sijambo."
Hata Jumanne ile.

Nikauliza beringi ni shilingi ngapi.
Ng'wandu akafuta mikono kwa tambara la kitenge.
"Tushushe sampu kwanza. Tuone."