Daftari la Siku Kumi

Dokta Nsajigwa alinionyesha koo langu kwenye skrini:
nyuzi mbili nyeupe, hazizidi ukucha wa dole gumba,
na juu yake vinundu viwili vinatazamana
kama wakwe waliogombana kwenye mahari.
"Hizi," akasema, "ndizo zinazokulipia kodi ya nyumba."
Nikafungua mdomo nijibu. Akainua mkono.
Kimya. Siku kumi. Wala usinong'one,
mnong'ono nao ni kazi, tena kazi ya kujificha.

Mimi, Kondo wa Buguruni, mshereheshaji,
niliyeingiza ndafu kumbini zaidi ya mara mia,
niliyeshindana na jenereta kule Tabata umeme ulipokatika
na jenereta likazima kwanza,
nimetoka Muhimbili na daftari la shule
na kalamu inayovuja.

Mtaani kwetu kila mtu daktari.
Tafuna tangawizi. Sukutua kwa chumvi.
Lamba asali, weka na pilipili manga.
Chande wa dukani akaleta yai bichi kabisa,
lazima alfajiri, kabla hujasemeshwa na mtu.
Nikaandika: Tunachomeza hakipiti kwenye nyuzi.
Kikipita, utakohoa mpaka machozi.
Chande akasoma, akageuza daftari huku na huku.
"Basi kunywa yai kwa ajili ya nguvu."

Nilichoagizwa ni kidogo hadi kinaudhi.
Maji, funda kwa funda, kutwa nzima.
Nisilale na pilau la saa saba usiku tumboni,
maana tindikali hupanda ngazi kama mwizi
watu wakishalala.
Na ile "ehem" yangu kabla ya kila sentensi,
ile niliyoiona ndiyo ustadhi wenyewe,
ni vibao ninavyozichapa nyuzi.
"Halafu," dokta akauliza, "spika zako za shilingi ngapi?"
Milioni tatu, nikaandika.
"Sasa unapigia nini kelele?"

Sikuandika kitu.
Nadhani nilitaka wanione natoka jasho kwa hela yao.

Siku ya tatu kamati ya harusi ya Kimara ilipiga simu.
Siwema akapokea, mimi nipo mbele yake namenya vitunguu.
"Mwenyewe yupo," akasema. "Sauti ndiyo haipo."
Akasikiliza. Akacheka peke yake.
"Hapana, haikodishwi bila yeye."

Ni hapo nilipopiga hesabu ya miaka kumi na moja:
wali wote nimewapakulia nisiowajua,
hapa nyumbani nimeleta ukoko.
Mwanaidi ana miaka minane, na alidhani
baba zake watu wote hukwaruza hivi Jumapili.

Sasa yeye ndiye msomaji wangu.
Naandika, anasimama mlangoni, anatangaza:
"Baba anasema mchuzi umezidi chumvi."
"Baba anasema nani kachukua kandambili zake."
Siku ya sita akaanza kusoma yasiyokuwemo.
"Baba anasema tununue embe."
"Baba anasema Jumamosi hii na ile nyingine
atashinda nyumbani."
Ukurasa ulikuwa mtupu.
Siwema aliutazama ukurasa, kisha akanitazama mimi.
Kalamu ilikuwa mkononi, na sikusahihisha.

Jioni tunafanya zoezi, sote wawili:
mrija kwenye glasi ya maji, midomo imefumbwa,
tunapuliza mapovu.
Yeye anatoa sauti, "uuu", hadi maji yanaruka.
Mimi bado. Mimi napuliza upepo tu.

Siku ya tisa, dirishani, kijana wa mitumba:
mia tano, mia tano, chagua mwenyewe, mia tano,
tangu saa mbili, jua limemkalia utosini,
na kila "mia" ya kumi inapasuka katikati.
Nikamtokea na jagi na daftari.
Kunywa. Polepole. Pumzisha.
Akasoma, akanywa jagi lote kwa mkupuo,
akafuta mdomo kwa shati la kuuza.
"Ahsante, bubu wangu," akasema kwa upole,
kisha akajiweka sawa:
ehem.
Nikashika koo langu.