Neno la Akiba

Jikoni kwetu Kipawa, Mwajabu ndiye mnara:
mwiko mbele ya mdomo, sauti ya puani.
"Simama kabla ya njia sifuri-tano."
Narudia: nasimama kabla ya njia sifuri-tano.
"Ingia, jipange, ngoja."
Naingia, najipanga,
mkono unasukuma mbele mpini wa kikaango.

Mwiko wa vidole.
"Nani kakwambia ruka?"

Kweli, hajasema.
Mwalimu alituonya neno hilo halitajwi ovyo;
kabla ya ruhusa ni kuondoka, kuondoka tu,
kama jina la mkwe
linavyozungukwa mbele za watu.

Ndege ya Mwanza inapita juu ya bati,
vikombe vinatetemeka kabatini.
Huyo kaambiwa.

Mimi nimejipanga. Nangoja.
Wali unaungua.