Mkalimani

Kibanda changu kina ukubwa wa kabati:
kioo, glasi ya maji, vipokea sauti vinavyobana masikio.
Honi za Barabara ya Ngong haziingii humu.

Ukumbini, Rudaina wa Daraya anafungua daftari la kijani.
Mimi ni Mnubi wa Makina. Kiarabu nilikipata
kwa nyanya, kisha chuoni kwa bakora.
Tangu saa tatu ninafasiri: rasimu, asilimia,
nani alialikwa mezani, nani aliambiwa asubiri mlangoni
wanaume wamalize kwanza vita vyao.

"Tulipozingirwa tulipika majani," asema.
"Tuliandika waliochukuliwa: jina, tarehe, rangi ya shati.
Hiyo ilikuwa siasa, ila haikuwa na kiti."

Kisha, polepole:
"Nataka sauti yangu."

Nikakwama.
Kwao kura nayo huitwa sauti,
neno moja, koo na karatasi.
Sisi tumeyatenga.
Sauti tumeiachia kilio na vigelegele,
kura tumeifungia sandukuni;
na hiyo kura tuliikopa kwao kwao,
ilipokuwa bado ni kijiti cha bahati,
kitakayemwangukia, kimwangukie.

Sekunde tatu. Kwa mkalimani ni mwaka.
Masikio arobaini yananingoja,
na mawili kati yake ni ya Kwamboka wa Kawangware,
aliyeshinda mchujo wa udiwani mchana
na usiku cheti kikaandikwa jina la shemeji ya mwenyekiti.

Nikasema: Anataka sauti yake.
Nikasema: Anataka kura yake.
Yeye ametamka mara moja. Hilo la pili ni langu, mnisamehe.

Kwamboka hakuinua hata mkono.
"Mwambie kwetu hizo mbili
bado hazijakutana."

Haya, nirudishe. Lakini kwa Kiarabu
sentensi ilijikunja mdomoni mwangu, ikatoka hivi:
Kwetu, sauti bado haijakutana na sauti.

Kosa. Nilijua ni kosa.
Nikashika kitufe nijisahihishe,
na kupitia kioo nikamwona Rudaina
amevua miwani, anamtazama Kwamboka,
si mimi, wala si meza kuu.

Akageuza daftari mpaka ukurasa wa majina,
akatafuta nafasi pembeni,
akaandika.

Nikaachia kitufe.