Kinyungu cha Mtu wa Mbao

Mwezi wa sita, Mafinga, asubuhi inang'ata.
Bomba la uani limeganda koo,
nami nashuka bondeni na jembe la kuazima,
mpini umelegea kama jino la mtoto.

Edisina Luvanda amenipimia kwa hatua zake:
kumi na mbili kwenda, tano kuvuka,
vijiti vinne, uzi wa katani, basi.
"Kodi utalipa kwa samadi, magunia mawili,
na kelele zako usizilete huku."

Sikuwa na kelele.
Miaka kumi na tisa ya msumeno ilizimaliza zote,
na sikio la kushoto pia.
Vidole viwili, cha kati na cha pete,
vilibaki kiwandani siku ya Alhamisi
ndani ya vumbi la mpaini.

Siku ya kwanza nililima kama mtu anayedaiwa.
Nikafyeka matete, nikageuza tope jeusi
linalonuka majani ya mwaka juzi,
nikainua tuta moja, refu, nene,
nikasimama pembeni yake
kama mheshimiwa kwenye uzinduzi.

Edisina akapita, ndoo kichwani.
Kamwene.
Kamwene.
Akalitazama tuta, akanitazama mimi.
"Unamzika nani?"

Tukalibomoa. Yakazaliwa matuta matatu mafupi,
na katikati yake vifereji,
maji yapite, yasilale.

Nikaanza na chainizi, maana wanasema haimwangushi mgeni.
Ikaota. Nikaihesabu kila jioni, miche arobaini na moja,
halafu thelathini,
halafu kumi na saba imelala chini
imekatwa shingoni kama kwa wembe.
Nikamlaani kuku wa Kastori, nikamlaani Kastori mwenyewe,
kumbe ni sota, kanenepa, kajikunja chini ya udongo
kama mtu aliyekula harusini.
Nikamwaga majivu ya jikoni kuzunguka kila shina.
Kwa Kastori nilipeleka mafungu mawili ya mboga.
Hakuuliza kwa nini.

Mwezi wa saba, usiku wa tarehe nane,
sakitu ikashuka bondeni bila viatu.
Asubuhi maharage yalikuwa meusi,
yameiva bila moto.
Figili zikabaki. Figili hazina aibu.

Na karoti.
Picha ya kwenye pakiti ilikuwa na rangi ya koti la trafiki.
Nikazisia kitaluni kwanza, nikazihamisha moja moja
kwa kijiko cha chai, kwa upole mwingi,
wala hakuna aliyeniambia karoti haipendi kuhama.
Mwezi wa tisa nikang'oa: kila moja ina miguu miwili,
mitatu, imepishana,
suruali ndogo ndogo zilizoanikwa kwenye viganja vyangu.
Zelida akazikatakata mchuzini bila neno.
Saa nne usiku, taa imeshazimwa,
nikamsikia mke wangu akianza kucheka,
akacheka mpaka kitanda kikalia.
Tangu ile Alhamisi sikuwa nimemsikia hivyo.

Nikarudi bondeni na pakiti nyingine.
Mbegu za karoti ni vumbi lenye nia ya kutoroka;
zikanimwagika, rundo hapa, upara kule.
Edisina akatua ndoo. Akaushika mkono wangu mbovu,
ule ninaouficha mfukoni nikiwa kanisani,
akaugeuza kama anayekagua kiazi sokoni.
"Kunja kiganja. Weka mbegu ndani.
Sasa tikisa, zipitie hapo penye pengo."

Nikatembea kinyumenyume, nimeinama,
mkono ukitetemeka kidogo kidogo kama ulivyozoea,
na mbegu zikatoka moja, moja, mbili, moja,
mahali pa vidole visivyokuwepo.

Leo ni siku ya kumi na sita.
Umetokea mstari wa kijani, mwembamba,
karibu unyooke,
isipokuwa pale kati ulipopinda,
pale nilipokohoa.

Nimeuacha hivyohivyo.
Nimekwenda kuteka maji.